Wanaoomba Ukungu

Wageni wa loji ya Ngulia, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, huja kutafuta tembo na chui, na huomba anga iwe safi. Shemeji yangu na wenzake huomba ukungu. Usiku wa Novemba usio na mwezi, mawingu ya vuli yakishuka mpaka usiuone mkono wako, wao hupeana mikono ya heri.

Sababu ni hii: ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia husafiri usiku. Wakiingia ukunguni huvutwa na taa za loji, wakashuka kwa makundi. Tangu 1969 wataalamu hutega nyavu pale, wakawapima, wakawavisha pete mguuni na kuwaachilia. Pete za Ngulia zimeonekana hadi Urusi.

Mimi nilikwenda kwa sababu shemeji alisema “waimbaji”. Mtoto wa Mombasa akisikia waimbaji hutarajia mavazi. Waliokuja wote walikuwa wa kahawia. Kahawia ya udongo, kahawia ya majani makavu, na kahawia nyingine ambayo shemeji aliitambua kwa kupima manyoya ya bawa kwa rula, huku akishangilia.

Kazi yangu ilikuwa kushika vifuko vyenye ndege. Miwani iliingia ukungu, popo akanipiga kofia, na saa tisa usiku mgeni mmoja akatoka na kikoi kuuliza kama chui amefika. Alipoonyeshwa ndege, akarudi kulala. Nilimwonea wivu.

Kisha nikaletewa bingwa wa waimbaji hao, kindege wa vichaka vya kandokando ya maji, gramu kama 12 hivi. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, katika kazi aliyoichapisha 1979, alionyesha kwamba dume mmoja wa aina hii huiga sauti za aina 76 za ndege kwa wastani, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Yaani akirudi Ubelgiji hutongoza kwa nyimbo za huku kwetu, kama kijana aliyekaa Muscat kidogo akarudi Likoni na “habibi” kila neno.

Nikamwinamia, kikombe mkononi, nisikie walau wimbo mmoja kati ya hizo 76. Akanikazia macho, akasema “chak”, akaacha zawadi yake ndani ya chai yangu.

“Aa, shemeji!” akalalamika shemeji. Nikadhani ananipa pole. Kumbe alikuwa akisikitika kwamba ndege amepungua uzito kabla hajafika kwenye mizani.

Hata hivyo, nendeni. Chagueni Novemba au Desemba, mwezi ukiwa gizani. Bebeni sweta, kofia ya popo, na kikombe chenye kifuniko.