Sifa za Nati Iliyodondokea Mkiani

Wenye kusifu wameyasifu mabawa hadi yamechoka kusifiwa. Wameusifu upepo, wamemsifu rubani, wameisifu hata kamba inayoivuta ndege hadi iondoke ardhini. Mimi nasimama kuisifu nati. Tena si nati iliyokaa mahali pake ikafanya kazi yake, maana hiyo imetimiza wajibu tu. Naisifu ile iliyoponyoka vidoleni mwa fundi ndani ya kiwiliwili cha glaida, ikaelekea mkiani, ikatulia huko pasipofika mkono wa mtu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa na winchi au na ndege nyingine, ikishafika juu huachia kamba, kisha riziki yake ni hewa ya joto inayopanda, ile ile wanayoitegemea tai. ASK 21, ambayo vilabu vingi duniani huitumia kufundishia, ina mabawa ya mita 17 kutoka ncha hadi ncha, na siku hewa imetulia, ikiwa kilomita 1 juu, yaweza kwenda zaidi ya kilomita 30 kabla ya kugusa chini. Ni chombo cha kupendeza. Nati ninayoizungumzia ni ya bolti ya milimita 6, inafungwa kwa spana namba 10, na ndani ina kipete cha nailoni kinachoibana isilegezwe na mtikisiko. Ukiiweka kiganjani huusikii uzito wake. Bei yake usiulize, utaidharau.

Sasa tazama inapokaa. Nyuma ya kiti cha rubani, usawa wa mabawa, pana kidirisha. Humo ndimo vyuma vya kuongozea ndege vinamokutana: fimbo ya rubani inasukuma ufito, ufito unasukuma kiwiko cha chuma, kiwiko kinasukuma ufito mwingine mrefu unaokwenda mkiani hadi kwenye usukani wa kuinua na kuinamisha pua. Nati yetu iko kwenye kiwiko, upande wa nyuma, ule ambao kidirisha hakiutazami. Na kidirisha kina sheria yake: ukiingiza mkono, jicho linabaki nje, ukiingiza jicho, mkono utafute kazi nyingine. Ndiyo maana fundi mzoefu hufumba macho. Anaibandika nati kwa grisi kwenye ncha ya kidole cha kati, anapenyeza mkono hadi juu ya kiwiko chake mwenyewe, anaipapasa ncha ya bolti, anaigusa, anazungusha robo mzunguko, anahisi imeshika.

Haijashika.

Hapo ndipo nati inapoanza kustahili sifa. Kwanza ni muungwana, haiondoki bila kuaga. Unasikia tik. Halafu tik-tik-tik, ikiteremka. Inakuambia inakokwenda, ingawa haikuambii kweli yote, kwa kuwa kiwiliwili cha fibaglasi ni ngoma: mlio wa kitu kilichosimama nusu mita kutoka kwako unausikia umetokea ncha ya mkia. Watu watatu waliosimama karibu watakuonyesha sehemu tatu, na kila mmoja yuko tayari kula yamini.

Pili, kitazameni cheo chake. Ilipokuwa imefungwa hakuna aliyejua kama ipo. Tangu idondoke, ndege nzima imesimama. Nati ikipotelea ndani ya boneti ya daladala, utingo atasema itatoka yenyewe njiani, na mara nyingi hutoka. Kwenye glaida hakuna anayethubutu kusema hivyo. Ule ufito mrefu unapita huko huko mkiani, na kipande cha chuma kisichofika ukubwa wa kifungo cha shati kikijipenyeza chini ya kiwiko, rubani atavuta fimbo ili ainue pua na fimbo itakataa. Kwa hiyo mwenyekiti wa klabu aje na ratiba yake, mwanafunzi aje na tarehe yake ya mtihani, mawingu ya kiangazi yajipange angani yakialika: nati haijapatikana, hakuna kuruka. Sijui cheo kingine ambacho mtu hukipata kwa kuanguka.

Jumba inamoishi sasa haikuwa nalo zamani. Wajerumani walipoanza mashindano yao ya glaida kwenye mlima Wasserkuppe mwaka 1920, wakati Mkataba wa Versailles umewabana wasijiundie ndege za injini watakavyo, ndege zilikuwa za mbao na kitambaa. Nati ikidondoka, fundi alichana kitambaa, akaitoa, akabandika kiraka, akapaka dawa ya kukaza, kazi ikaisha. Kisha ikaja fs-24 Phönix ya Stuttgart, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, glaida ya kwanza ya fibaglasi. Kuanzia hapo kiwiliwili kikawa kinaundwa kwa maganda mawili, la kulia na la kushoto, yanayogandishwa kwa gundi. Yakishashikana, ndani hapaingiliki tena. Mkia nao ukazidi kukondeshwa, kwa sababu kila sentimita ya unene inaburuza hewa. Mnaposimama uwanjani mkiusifu wembamba wa ule mkia, jueni kwamba mnausifu huo huo unaomkatalia fundi mkono. Nami nawashuku wabunifu. Wao walivifunga vile vyuma maganda yakiwa bado wazi mezani, mchana kweupe, mikono yote miwili ikiwa huru na kikombe cha kahawa pembeni. Kisha wakagandisha, wakaandika kwenye mwongozo kwamba nati hiyo ikaguliwe kila mwaka.

Lakini sifa kubwa ya nati hii ni namna inavyopindua ukubwa na udogo wa watu. Huku kusini mwa Ujerumani ninakoishi, vilabu vya glaida hutumia majira ya baridi kutengeneza ndege, na kila mwanachama anatakiwa kutoa saa zake karakana. Utamkuta mhandisi wa kiwanda cha magari, daktari, fundi seremala aliyestaafu, wote wameingiza mikono kwa zamu na wote wameitoa na michubuko. Mikono yao ni minene. Elimu yao haipiti kwenye kile kidirisha. Ndipo mtu anauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Yule binti yuko wapi?"

Yule binti ana miaka 14, umri ambao Ujerumani kijana anaruhusiwa kurusha glaida peke yake, na siku nyingine zote kazi yake karakana ni kufagia na kupiga msasa. Sasa anaitwa kwa heshima. Anavua sweta, anabaki na fulana katika baridi ile, anapiga magoti kwenye kigodoro, anaingiza mkono hadi kwapani. Shavu lake limebanwa kwenye ubavu wa ndege. Wazee wamemzunguka wakiwa na tochi ambazo hazimulikii kitu. "Nimegusa waya," anasema. "Nimegusa kitu laini. Vumbi, nadhani." Kimya. "Hapa pana kingo." Mzee mmoja anaanza kumwelekeza, na binti, bila kufumbua macho, anamwambia anyamaze. Na ananyamaza kweli! Huyo ndiye mzee ambaye wiki iliyopita alimrudishia ufagio akimwonyesha pembe alizoziacha.

Ikiwa mkono wake nao haufiki, vinaanza kutoka vifaa ambavyo havimo kwenye katalogi yoyote. Kuna sumaku kwenye ncha ya waya, ambayo ikiwa dhaifu haiinui kitu na ikiwa na nguvu inang'ang'ania kila chuma njiani, isipokuwa nati. Kuna kioo cha daktari wa meno. Kuna kipande cha bazoka kilichotafunwa kikabandikwa kwenye fimbo, na mtafunaji huchaguliwa kwa makini. Kuna uzi, ambao mwenye busara huufunga kwenye nati kabla ya kuiingiza, na ambao kila mtu huukumbuka baadaye. Na vyote vikishindwa, mabawa yanatolewa, watu wawili wanaunyanyua mkia juu kabisa, wa tatu anaugongagonga kwa kiganja kuanzia nyuma kuja mbele, polepole, nati iteremke kuelekea kidirishani. Inateremka. Inafika kwenye ukuta wa nyuma ya gurudumu, inageuka, inaingia kwenye upenyo ambao mchoro wa kiwanda hauuonyeshi.

Basi inaletwa kamera, ile nyembamba ya kuchungulia, yenye taa kwenye ncha. Na hapa sitanii: kamera ile isingeingia kama si nati. Nani angefanya safari ya mkiani bila kulazimishwa? Sasa watu wameinamia kioo kidogo, wanaona mstari wa gundi unaoshikanisha maganda mawili, na wanaukagua wote kwa kuwa wamo njiani. Wanaona mahali ufito umekuwa ukisugua na kuacha alama inayong'aa. Wanaona mrija wa plastiki unaopeleka shinikizo la hewa kwenye vipimo umekunjika, na mtu anakumbuka kwamba kipimo cha kupanda na kushuka kimekuwa kikidanganya tangu kiangazi. Wanaona nyasi, nyuzi za godoro na maganda ya mbegu: panya alikuwa na familia huku. Ukaguzi wa mwaka uliofanywa kwa tochi na nia njema haukuyaona hayo. Yameonwa na nati.

Watengenezaji wa siku hizi wanajitahidi kutunyang'anya baraka hizi. Glaida hufunguliwa mabawa ili iingie kwenye trela, na katika ndege za zamani kila unapoyarudisha inabidi uingize mkono kidirishani na kuunganisha fito kwa maungio ya L'Hotellier, kitufe kinachoingia kwenye kikombe, kisha upenyeze pini ya usalama. Kwa kupapasa, bila shaka. Wapo waliodhani wameunganisha kumbe bado, na wengine hawakurudi kusimulia. Ndiyo maana kabla ya kuruka mtu mmoja hushika kibawa cha kuongozea kwa mkono na kukizuia huku mwenzake akisukuma fimbo, wahakikishe nguvu inafika. Ndege mpya zinajiunganisha zenyewe bawa linapoingia mahali pake. Kwa hilo siwezi kufanya mzaha, ni jambo jema. Ila nati bado wameziacha, nawashukuru.

Kuna watakaosema: kwa nini taabu yote hii, si mnunue nyingine? Hapa nati inaonyesha ukubwa wake wa mwisho. Nyingine ipo. Imekuwepo tangu asubuhi, kwenye mfuko wa plastiki juu ya rafu, pamoja na wenzake na cheti chao, kwa sababu nati ya ndege haiokotwi popote. Hata Mweiga karibu na Nyeri, ambako glaida zimerushwa kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, huwezi kushuka hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi kwa wauza spea ukarudi nayo. Utapata nati ya lori la mwaka wowote unaoutaka, lakini karatasi zake hutazipata. Isitoshe, nati ya kipete cha nailoni ikishafunguliwa hairudishwi kwenye usukani wa ndege, maana nailoni ikishachongwa na bolti haibani tena kama mwanzo. Kwa hiyo ile iliyotafutwa kwa magoti, kwa sumaku, kwa bazoka na kwa kamera, haikutafutwa itumike. Imetafutwa ili isiwepo. Ikipatikana itatupwa. Nionyesheni mwingine anayetafutwa kwa bidii hiyo na watu wasiomhitaji.

Binti ndiye aliyeitoa, mwishowe, kwa kucha mbili. Wakaifurahia, wakaipitisha mkono kwa mkono, mmoja akaipiga picha. Nati mpya ikaingia, imefungwa uzi safari hii, na ikashika. Wakaishuhudia kwa kioo, ncha ya bolti imetokeza kupita kipete kama inavyotakiwa. Mkaguzi akafungua kitabu cha ndege, na kazi yote ile ikaandikwa kwa mstari mmoja: nati moja ya kiwiko imebadilishwa.

Kabla ya kutia sahihi akaangalia kitambaa cheupe walichotandaza mezani, akahesabu kama kanuni inavyotaka. Spana zote zipo. Kioo kipo. Nati ya zamani ipo. Pembeni yake ipo nyingine, imeshika kutu kidogo, haina kipete cha nailoni, na ilitoka na vumbi la panya kamera ilipovutwa.

"Hii ya nani?" akauliza.

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Akaeleza, taratibu kama anavyowaeleza wanafunzi, kwamba nati isiyo na mwenyewe ama iliangushwa na fundi wa miaka iliyopita aliyenyamaza, ama kuna bolti mahali fulani katika ndege hii isiyo na nati yake. Na kwamba hatatia sahihi hadi ajue ni lipi. Binti alikwishaanza kuvua sweta.