Ramu Iliyopita Mikoa Tisa

Mtu wa Dar es Salaam akinunua ramu Kariakoo, ikagoma kuingia kwenye mashine yake, anavuka barabara, anairudisha, wanagombana kidogo, anabadilishiwa. Ramu ya mtu wa Ngara ikigoma, ujue imeshapita Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na Geita ndipo ikaingia Kagera. Ni zaidi ya kilomita 1,200 za basi, na gharama ya kuirudisha inaikaribia bei yake. Hivyo huku kwetu kipuri kisichoingia hakirudishwi, kinatupwa kwenye droo. Droo ikijaa, mwenye droo anaanza kuitwa fundi.

Droo yangu imejaa kwa sababu nina steshenari Ngara mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, naangalizia watu matokeo ya mitihani, na msimu wa mikopo ya elimu ya juu ukianza, vijana wanajipanga kwenye benchi tangu asubuhi, vyeti vyao vya kuzaliwa vikiwa kwenye bahasha za kaki. Kazi yote hiyo inabebwa na sipiyu moja, Dell OptiPlex 9020, toleo la mwaka 2013, iliyomaliza ujana wake kwenye ofisi fulani ya Ujerumani. Najua ni Ujerumani kwa sababu ubavuni imebaki na kibandiko cha mali ya ofisi, kimeandikwa Kijerumani, na ukijaribu kukibandua kinatoka na rangi.

Mashine za namna hii zinakuja kwa makontena, nyingi kupitia Dubai. Wenzetu, ofisi ikishakaa na kompyuta miaka minne au mitano, inazibadilisha zote kwa mkupuo hata kama hazijakohoa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaongeza kasi ya mambo iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, kwa upande wa Intel, inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yangu ni kizazi cha nne. Kwa Mjerumani hiyo ni takataka. Kwa Ngara ni mtaji. Shida yake ilikuwa moja, ramu ya GB 4. Ukifungua ukurasa wa maombi ya mkopo na wa maombi ya ajira kwa pamoja, feni inaanza kulia na kijana wa kwenye benchi anaanza kukutazama vibaya.

"Mzee, tuiongezee ramu ya nane tu," fundi wangu akasema. "Hii itapaa."

Muuzaji nilimpata WhatsApp. Nilimwandikia kwa kituo: ramu ya mashine ya mezani, DDR3, GB 8. Akanitumia picha. Ramu imelazwa juu ya shuka la maua, upande wenye maandishi umegeukia chini, pembeni kinaonekana kidole gumba na nusu sahani ya chipsi. "Imetumika kidogo sana, kaka. Ilikuwa ofisini." Sijawahi kumpata muuza vipuri anayeuza kilichotumika sana. Vyote vilikuwa ofisini, na vyote vilitumiwa na mama mmoja mpole aliyeandika barua mbili kwa wiki.

Nikatuma pesa, nikamwambia aupandishe mzigo kwenye basi la Ngara. Jioni nikaletewa picha ya boksi, namba ya basi na simu ya konda. Basi lilikuwa la Bukoba.

"Ndugu, mimi niko Ngara."

"Si Kagera hiyohiyo, kaka?"

Kagera ni hiyohiyo, ila basi la Bukoba na la Ngara huagana Lusahunga, wilayani Biharamulo. Moja linakwenda Biharamulo mjini, Muleba, Bukoba. Jingine linashika Nyakahura, Benako, ndipo Ngara. Konda, mtu mwenye utu wake, akakubali nimsubiri Lusahunga saa tatu asubuhi anirushie mzigo dirishani.

Usiku ule nililala Rusumo kwa shemeji. Wanaoishi mpakani wameshajua kinachofuata. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikilala Rusumo au Kabanga inaweza kudaka mnara wa jirani na kubadili uraia bila kuaga. Nililala Mtanzania, nikaamshwa kwa saa za Kigali. Nikanywa chai, nikamuaga shemeji, nikapanda gari nikiwa na muda wa kutosha kabisa. Tulipofika Benako simu ikarejea nyumbani. Saa ikaruka kutoka moja na nusu hadi mbili na nusu mbele ya macho yangu, na Lusahunga bado iko huko.

Nilipofika, basi lilikuwa limeshapita. Nikampigia konda, naye hakuwa na neno. "Mzigo nimeuacha Biharamulo stendi, mzee, kwa mama wa chai."

Nikapanda mchomoko. Probox inayokwenda Biharamulo ina viti vya watu watano na inaondoka wakitimia tisa. Mimi nilipewa nafasi kati ya dereva na gia, na kazi yangu ikawa kuinua goti kila anapotaka kuingiza namba mbili. Boksi nililikuta kweli kwa mama wa chai. Limeandikwa kwa makapeni, herufi kubwa, KOMPYUTA, USIWEKE KITU JUU. Juu yake kulikuwa na chupa mbili za chai na sufuria ya maandazi.

"Lilikuwa linapeperuka, baba," mama akaniambia. "Nikalizuia."

Biharamulo kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, na bado limesimama. Kati ya vitu viwili vya Kijerumani ninavyovifahamu kwa karibu, hilo ndilo halijawahi kuniomba ramu.

Fundi alilifungua boksi kwa heshima zote. Ndani, ramu ya laptopu. Ramu ya DDR3 ya mashine ya mezani ina urefu wa sentimita 13 na pini 240. Ya laptopu ni nusu ya urefu huo, ina pini 204, na haziingiliani hata kwa maombi. Hapo ndipo kikanirudia kile kidole gumba cha pichani, ambacho kilikuwa karibu sawa na ramu nzima. Mimi nilikuwa nimedhani jamaa ana mikono mikubwa.

Fundi hakukubali kushindwa. Akayasugua meno ya dhahabu ya ile ramu kwa kifutio cha penseli, jambo ambalo kweli husaidia ramu iliyoshika uchafu, halafu akaiweka kwenye nafasi yake. Akaisogeza kushoto, likabaki pengo kulia. Akaisogeza kulia, pengo likahamia kushoto. Akakaa kimya akilitazama.

"Tukipata ya pili kama hii," akasema, "zitajaa."

Nikampigia muuzaji. "Kaka, ramu ni ramu," akanijibu, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Haukupita muda umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, pawa saplai ikafa. Wilaya yetu ina mtambo wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Mimi nilikuwa nahitaji wati 290. Jirani yangu dereva wa lori akaniokotea pawa saplai huko safarini, tukakabidhiana Nyakanazi, penye njia panda ya Kahama, Kibondo na Lusahunga, mahali ambapo ukisimama kidogo tu unaweza kuuziwa chochote, kuanzia ndizi hadi tairi la semi. Ilikuwa nzito, na fundi wangu ni muumini wa uzito. Nyuma ilikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua, volti 115 kama za Marekani au 230 kama za kwetu. Ilikuwa imeelekezwa 115.

Nikamwonyesha fundi.

"Tuanze na ndogo, mzee," akasema, "tusiishtue." Na kabla sijaufikia mkono wake alikuwa ameshachomeka.

Ililia mara moja tu, paa! Wateja wakahamia nje na bahasha zao. Moshi ulipopungua, fundi akaigeuzageuza, akagundua kuwa hata ingekuwa nzima isingeingia: plagi yake kuu ilikuwa ya pini 24, na OptiPlex 9020 inatumia ya pini 8. Mtangulizi wake, 9010, ndiyo ya pini 24. Sura ya fundi ikakunjuka kabisa.

"Kwa hiyo mzee, kumbe hatujapoteza kitu."

Hapo nikaachana na vipuri. Mwenye steshenari mwenzangu wa Kabanga alikuwa na OptiPlex 9020 iliyoungua mazabodi, imekaa inafanya kazi ya kuzuia mlango. Niliinunua nzima kwa bei ambayo Kariakoo wangenipa ramu peke yake. Na nalisema hili bila utani, kwa yeyote aliye mbali na maduka: usiagize kipuri, tafuta maiti ya mashine ileile. Kilichomo kitaingia tu, maana kilishawahi kuingia.

Kuitoa Kabanga, mpakani na Burundi, ndiko kulikokuwa na mambo. Nimekaa nyuma ya bodaboda, sipiyu imelala mapajani, afande wa kizuizi akatusimamisha.

"Hii imetoka Burundi?"

"Hapana, afande. Imetoka Ujerumani."

Akasoma kile kibandiko, maana nayo ilikuwa nacho, akanitazama. "Risiti?"

"Ni mbovu, afande. Naichukua matumbo."

Akakibonyeza kitufe. Kimya. Akakibonyeza tena, akainama kusikiliza, akagonga ubavu kwa kiganja. Kisha akasogea pembeni. "Magendo ya kitu kibovu sijawahi kuyaona. Pita."

Pawa saplai iliingia bila kusukumwa. Ramu mbili za GB 4 ziliingia zikalia *tak*, sauti ambayo mwenye droo kama yangu anaweza kuilipia. Mashine ikawaka ikiwa na GB 12, kijana wa kwanza kwenye benchi akasimama, nikafungua ukurasa wa mkopo, nao ukagoma: muunganisho si salama. Nikafungua mwingine, vilevile. Fundi akashauri tuweke Windows upya.

Pembeni chini ya kioo, saa ya mashine ilikuwa inasoma Januari 2013. Betri ya mazabodi, ile ya duara inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, ilikuwa imekufa, na katika kuvutavuta nyaya mashine ikasahau iko mwaka gani. Tovuti za siku hizi zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyoko 2013 inaviona vyote kuwa havijaanza. Kwa mujibu wake Kikwete bado yuko Ikulu na huyu kijana yuko darasa la kwanza, anaomba mkopo wa nini?

Betri hiyo inaitwa CR2032. Fundi saa wa sokoni Ngara anazo kwenye kopo, bei ya chai na chapati mbili, na ndicho kipuri pekee katika habari hii ambacho nilikifuata kwa miguu, kikaingia, kikafanya kazi.

Sasa mashine iko vizuri na fomu zinajazwa. Nauza ramu ya laptopu, DDR3, GB 8, nzima, haijawahi kutumika Tanzania ila imetembea sana. Bei maelewano. Anayeihitaji aje na laptopu yake Ngara mjini, tuipachike, tuiwashe, alipe mbele ya macho yangu. Kwa basi situmi.