Ombi la Uchaguzi Mdogo Usiokwisha

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: KUTUONGEZEA UCHAGUZI ENEOBUNGE LA MAGARINI

Salamu kutoka Gongoni. Kama jina hamlikumbuki, ulimi wenu unatukumbuka: sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya huanikwa huku kwetu, kati ya barabara ya Malindi na Garsen na bahari. Kwa hiyo kila mnapokula mchuzi mko pamoja nasi, hata kama hamjui.

Tarehe 27 Novemba 2025 mlituletea uchaguzi mdogo wa ubunge. Tunaandika kushukuru, na kama ilivyo kawaida ya anayeshukuru, tuna ombi. Tunaomba uchaguzi mdogo usiishe. Ikishindikana kabisa, basi tupewe mmoja kila miezi mitatu.

Wiki zile za kampeni kijana wa Gongoni aliheshimika. Mtu aliyekuwa akiitwa mvivu, mlevi na mzigo wa wazazi mwezi wa Agosti, kufika Novemba alikuwa ameshapandishwa cheo, akawa uti wa mgongo wa taifa. Wenye bodaboda walitiwa mafuta ili wazunguke na bendera bila abiria. Wenye sauti walipanda magari ya matangazo, na wenye misuli wakawa walinzi. Asiye na sauti wala misuli akawa umati, na umati nao una bei yake. Mama wa mahamri na mbaazi alimaliza sufuria mapema akaenda kulala. Hata ninyi wenyewe Tume mlitafuta makarani wa kura, na kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akakaa maskani mpaka cheti kikashika ukungu, hiyo ndiyo ajira ya serikali iliyo karibu naye kuliko zote. Ni ya siku chache, lakini ina barua.

Siku iliyofuata matokeo, mahema yalikunjwa. Hatukulalamika, maana mahema si yetu. Ila tuliona uti wa mgongo wa taifa ukirudi taratibu kukaa juu ya tofali.

Turudi nyuma kidogo, maana mtasema hatuelewi taratibu. Mwaka 2022 Harrison Kombe alitangazwa mshindi wa ubunge wa Magarini kwa kura 11,946, na Stanley Kenga akapata 11,925. Tofauti ilikuwa kura 21, yaani abiria wa matatu moja na nusu. Kesi ikaenda mahakamani, ushindi ukabatilishwa. Kifungu cha 101 cha Katiba kinataka kiti cha mbunge kilicho wazi kijazwe ndani ya siku 90. Tatizo ni kwamba wa kukijaza hakuwapo. Mwenyekiti aliyewatangulia alimaliza muda wake Januari 2023, na ninyi hamkuapishwa mpaka Julai 2025. Nchi ilikaa takriban miaka miwili na nusu bila mtu wa kuitisha uchaguzi, na ikawa inaamka, inalala na inatoza kodi kama kawaida. Hapa mwenye kibanda cha samaki akifunga siku tatu, watu humfuata nyumbani kumjulia hali. Tume ilipofungwa, waliobisha hodi ni mawakili.

Basi mkaja, tukapiga kura, na Kombe akashinda tena, safari hii kwa pengo kubwa. Kutoka siku hiyo hadi uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 ni miezi isiyotimia 21. Kura 21 za ugomvi, miezi 21 kasoro ya kazi. Anayesema siasa zetu hazina mpango hajakaa chini akapiga hesabu.

Na hesabu tunazijua, msidanganywe na hali yetu. Chukueni mfano wa kijana anayepewa shilingi 200 amchague mtu. Muhula una miezi 60. Gawanyeni: ni shilingi 3 na senti 33 kwa mwezi, bei ambayo dukani hupati hata peremende mbili za maana. Lakini uchaguzi ukifanywa kila miezi mitatu, noti ile ile inakuwa karibu shilingi 67 kwa mwezi. Hakuna chama chochote cha wafanyakazi kilichowahi kuwapatia wanachama wake nyongeza ya namna hiyo kwa mazungumzo peke yake. Mtatuambia kununua kura ni kosa la jinai. Tunakubali. Ndiyo maana tumesema chukueni mfano.

Mtauliza kama hatuna kazi nyingine. Ipo chumvi. Kibarua huamka alfajiri akasimame getini, akichaguliwa anaingia, asipochaguliwa anarudi. Mnaona tulivyozoea mambo ya kuchaguliwa? Manung'uniko juu ya mashamba yaliyochukuliwa, maji ya visima yaliyogeuka chumvi, mikoko iliyokatwa na ujira mdogo yalimleta hapa mgeni wa heshima, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, mwaka 2005. Ilisikiliza watu hadharani, ikaandika, na mwaka 2006 ikatoa ripoti. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana kitambulisho na anasimama kwenye geti lile lile. Hatumlaumu aliyeandika ripoti. Aliandika vizuri.

Tena msituone washamba. Jirani yetu ni Ngomeni, ambako Waitaliano waliweka jukwaa baharini na kuanza kurusha setilaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 walirusha moja iliyopewa jina Uhuru, ikaenda kuchunguza miale ya eksirei ya nyota za mbali. Uhuru uliondoka hapa, wazee wetu wakishuhudia kwa macho yao. Sisi tunaopanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao wa simu tunajivunia sana historia hiyo.

Serikali haijatusahau kabisa, tuwe wakweli. Ipo NYOTA, mpango wa kuwapa vijana shilingi 50,000 za kuanzia biashara, vijana 70 kwa kila wadi. Wadi yetu inaanzia wapi na kuishia wapi mnajua ninyi, kwa kuwa mipaka ni kazi yenu, lakini 70 wanapatikana stendi ya Gongoni kabla jua halijawa kali, na hapo hujafika Ngomeni wala Fundisa. Na mwezi wa Mei 2024 tulizungumzwa kwa mapana na marefu kwa sababu ya muguka, yale majani ya kutafuna. Magavana wa Mombasa na Kilifi waliipiga marufuku ili kutuokoa. Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama huko Embu ikaisimamisha. Wiki kadhaa nchi nzima ilibishana kama kijana wa Pwani atafune au asitafune. Hakuna aliyeuliza huyo kijana anatafuna saa nne asubuhi siku ya Jumanne kwa sababu gani, na kama ana mahali pengine pa kuwa saa hiyo.

Kwa hiyo ombi letu si la kihuni. Hata Katiba iko upande wetu. Kifungu cha 104 kinasema wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge kabla muhula haujaisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivitupa vipengele vya sheria vilivyoeleza namna ya kufanya hivyo, kwa sababu vilikuwa vimewekwa vigumu mno kwa mwananchi. Kazi ya kutunga vingine ni ya wabunge, watu wale wale watakaoondolewa. Sisi tuna subira, lakini kinyozi hatumwombi ajinyoe mwenyewe akiwa amefumba macho. Wakati tunawasubiri, ninyi tuleteeni uchaguzi mdogo. Mshindi wa robo ya kwanza asimame robo ya pili na kutuonyesha alichofanya kwa siku 90. Ahadi ya zahanati ikitolewa Januari, tuikague Aprili, wakati mwenye ahadi bado anakumbuka jina la kijiji.

Tunajua gharama mtaitaja. Tumeshaifikiria. Mabango ya mwaka jana bado yako kwenye minazi, nyuso ni zile zile na ahadi zinasomeka. Itatosha kubadilisha tarehe.

Wenu katika debe,

Vijana wa maskani ya stendi, Gongoni
(kwa sasa tuna nafasi)

Nakala:
Mwenye mahema
Mwenye spika
Mwalimu mkuu, atayarishe uwanja, na watoto wapewe nusu siku

N.B. Mkitangaza tena kazi ya makarani, tafadhali msiombe uzoefu. Uzoefu tutaupata hapo hapo, tukifika uchaguzi wa nne au wa tano.