Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Waliozipanga Merikebu za Dunia

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Mfumo Uliowianishwa wa Kupanga Bidhaa,
Shirika la Forodha Duniani,
Brussels, Ubelgiji.

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayowastahiki watu ambao, tangu Mfumo wao ulipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, wamekitia kila kinachouzwa chini ya jua katika daftari moja, kuanzia farasi aliye hai hadi vitu vya kale vilivyopita umri wa miaka 100, napenda kuwaarifu kwamba sisi watu wa pwani, tuliodhani kwa karne nyingi kuwa twavijua vyombo vya bahari kwa sababu tu tuliviunda na kuvisafiria, tumeisoma Sura yenu ya 89 na kuutambua ujinga wetu.

Katika sura hiyo hakuna fungu lililonipendeza kuliko la 89.04, mlilolitenga kwa ajili ya tagi na vyombo vya kusukuma peke yake. Maelezo yenu humfundisha karani wa forodha aitambue tagi kwa bodi lake lililoimarishwa, kwa injini yake yenye nguvu zisizolingana na udogo wa chombo, na kwa vifaa vya sitahani vya kufungia amari. Na chombo cha kusukuma akitambue kwa omo yake iliyo bapa na kwa chumba cha usukani kilichoinuliwa juu, ambacho pengine hupandishwa na kushushwa. Aliyepata kusimama Kilindini akaiona tagi imeyaegemeza matairi yake chakavu ubavuni mwa meli ya makontena, ikinguruma na kukoroga povu kwa tezi huku ikingoja neno la rubani, mpaka meli ile ikalala gatini bila kukwaruzwa hata rangi, atakiri kwamba mliyoyaandika ni ya haki.

Walakini sharti mlilolifungamanisha na heshima hiyo ni kwamba vyombo vya fungu hili viwe havikuundwa kwa kubeba watu wala mizigo, na hapo ndipo Mto Kongo unapoleta mushkeli. Baina ya Kinshasa na Kisangani, masafa yapitayo kilomita 1,700, chombo cha kusukuma hufungiwa matishari mbele yake, na juu ya matishari hayo hupanda umma mzima pamoja na mbuzi wao, samaki wao wa kukaushwa, magunia yao ya mihogo na majiko yao ya makaa, wakala, wakalala, wakafanya biashara majuma kwa majuma. Kwa mujibu wa daftari lenu, chombo kinachosukuma hubaki katika 89.04, safi kama siku kilipoundwa, ilhali matishari huingia 89.01 pamoja na meli za matembezi ya anasa. Na yule mama anayekaanga mandazi chini ya turubali lililotoboka, akimkinga mwanawe na moshi wa injini, hana habari kwamba forodha imemweka jirani na watalii wanaooga katika mabwawa ya sitahani. Na abiria wakizidi hata wakapanda juu ya paa la chombo chenyewe, sheria haitaabiki hata kidogo, kwani ninyi hamuulizi chombo kinafanya nini, bali mwauliza kiliundwa kifanye nini.

Tagi nayo ijichunge isizidishe fadhila. Mmeiruhusu kufungwa mizinga ya maji ili isaidie meli iliyoshika moto, maadamu kuvuta kunabaki ndiko kazi yake kuu. Lakini ikishakuwa chombo cha zimamoto kwa asili yake, hutolewa ikapelekwa 89.05, wanakokaa wachimbaji wa vina vya bandari na kreni zinazoelea. Na lau karani atashindwa kuamua, akaona mafungu mawili yana haki sawasawa, Kanuni yenu ya Tatu humwamuru, mwisho wa mambo yote, achukue lile ambalo namba yake huja nyuma ya nyingine. Nabii Suleimani, aliyeitisha upanga ili kuwaamua wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja, angejipunguzia fadhaa kubwa kama angaliwapa namba wale wanawake.

Fauka ya hayo, sisi tulio na maziwa makubwa bara tumezoea kuzipokea meli vipande vipande. Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ilikoungwa upya. Kwa kanuni zenu karani hodari hutakiwa ayatazame makasha kama yale aione meli nzima, na jambo hilo twalikubali, kwani imani ni nusu ya kazi ya forodha. Lakini mmeongeza kwamba bodi au chombo kisichokamilika, ambacho bado hakijadhihirisha ni cha aina gani, kiingizwe 89.06, fungu la manowari. Basi chombo cha kusukuma kinachokwenda ziwani, ikiwa omo yake bapa na chumba chake cha usukani bado viko kiwandani, chaweza kuvuka mpaka kikiwa jirani ya meli za vita, pasipo na bunduki wala mwanajeshi.

Katika fungu hilo hilo mmeziweka pia boti za kuokolea watu, isipokuwa zile za makasia; hizo, pamoja na mitumbwi, mmezipeleka 89.03 kwenye mayoti. Hata mashua ya makasia ya kuvulia mmeinyima nafasi katika 89.02 ya wavuvi. Mwaka 2022 mlilifungua tena fungu la 89.03 mkayapanga mayoti kwa insafu ya ajabu, ya tanga mbali na ya mota mbali, yasiyozidi mita 7.5, yasiyozidi mita 24, na yapitayo hapo. Mtumbwi mkauacha mwishoni, chini ya neno “nyinginezo”.

Najua mtajibu kwamba ninyi hutoa namba tu, na kwamba ushuru huwekwa na kila dola kwa hiari yake. Ni kweli, lakini ushuru hauna mlango mwingine wa kuingilia ila namba hiyo, na karani wa bandari ndogo hawezi kumhurumia mtu ambaye daftari limekwisha kumwita tajiri.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Tagi mmeitendea haki: hamkuitazama ukubwa wala sura peke yake, bali mmeipa fungu lake kwa ajili ya kazi iliyoundiwa. Mtakapoliketia tena daftari, kama ilivyo ada yenu kila baada ya miaka michache, mtendeeni haki hiyo hiyo mvuvi wa mtumbwi, mumhesabu katika wavuvi. Na mkiona jambo hili ni zito, basi walau mtuletee waraka wenye muhuri wa kuthibitisha kwamba mvuvi huyo, maadamu yumo fungu moja na wenye mayoti, ana haki ya kualikwa karamuni kwao. Kitoweo ataleta yeye.

Wasalaam,
Mtiifu wenu,
Mkaazi wa pwani asiye na chombo, na kwa hiyo asiye na fungu.