Bunduki ya Kabla ya 1964

Michigan, Oktoba

Ami yangu, na nyote mnaokaa barazani Langoni,

Mimi mzima, adui ni baridi tu. Barua hii ina bunduki ndani yake, kwa hiyo anayewasomea apunguze sauti. Najua tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 neno hilo kwetu halina mzaha. Lakini hii ni ya kuwindia, na Jumamosi iliyopita ilichoua ni karatasi.

Mwenye bunduki ni mzee jirani yangu. Huku msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba na kufungwa tarehe 30, na sheria inamtaka mwindaji avae rangi ya chungwa ili mwenzake asimdhanie mnyama. Kabla ya msimu kufunguliwa, bunduki hupelekwa uwanja wa shabaha ikahojiwe. Nilimweleza kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hata Waaweer wa msitu wa Boni, watu wa upinde na asali, wakaambiwa waweke mishale chini. Mzee alivua kofia, akanipa pole.

Bunduki yenyewe ni Winchester Model 70. Kila akiisifia husema ni “ya kabla ya 1964”. Mimi mtu wa pwani, nikisikia mwaka huo akili inakwenda Unguja, kwenye Mapinduzi. Kumbe ndio mwaka kiwanda kilipobadilisha namna ya kuitengeneza ili kupunguza gharama, na wawindaji hawajasamehe hadi leo.

Juu yake imefungwa darubini ya Weaver K4, kazi ya El Paso, Texas, inayokuza mara 4. Haina betri wala taa. Kuisahihisha, unafungua kifuniko na kugeuza skrubu kwa sarafu. Lakini hizi za zamani zina vituko: ukigeuza, nyuzi mbili zinazokutana huhama katikati ya kioo zikakaa upande. Kwangu huo ni ubovu. Kwake, nyuzi zikae zitakapo, mradi risasi iende zinakoelekea.

Basi bunduki ikalazwa juu ya mifuko ya mchanga, karatasi ikawekwa yadi 100. Hupigwa risasi tatu, kisha mtutu huachwa upoe, maana chuma cha moto hudanganya. Hapo ndipo hawa Wamarekani wenye haraka ya kila kitu wanapokuwa wavumilivu kuliko nahodha anayengoja maji yajae kwenye mkondo wa Mkanda. Msimamizi wa uwanja alipopiga kelele, wote wakaacha silaha, tukaenda kukagua. Matundu matatu yamekaribiana, yote inchi 2 juu ya kitovu. Nikampa pole kwa kukosa. Akacheka: risasi ya .30-06 ikipita hapo kwenye yadi 100, huteremka ikafika palipolengwa kwenye yadi 200.

Akanikaribisha nami nipige, ila nisiusogeze uso, kwani bunduki ikirudi nyuma darubini hukata nyusi. Yeye ana kovu la ushahidi. Nyusi zangu zimesalimika. Bega liko kwenye mafuta ya karafuu.

Sasa shauri, Ami. Mzee ameniahidi paja la kulungu. Yeye Mkristo, bunduki yake, kidole chake. Mimi nitakuwa kando nikisoma bismillahi. Muulize shehe kama hiyo yatosha, au ni lazima nifyatue mwenyewe na bega hili. Jibu linifikie kabla ya tarehe 15 Novemba.