Safu ya Ushauri: Gari Likizima Mtito Andei

Uokoaji barabarani ni huduma inayolipiwa kabla ya shida. Mwenye gari hutoa ada ya mwaka, na gari likizima njiani, kampuni hutuma fundi au gari la brekdauni. Huduma hii si bima, si ambulensi, wala si shemeji mwenye pikapu, ingawa Eastlands ya Nairobi vitu hivi vinne huhesabiwa kuwa kimoja mpaka siku ya shida. Barua zinazojibiwa hapa zimetoka Mowlem, mtaa uliopakana na Dandora, Umoja na Kariobangi South, ambako Desemba ikikaribia kila Probox hugeuka basi la ukoo.

Barua ya kwanza ni ya mwenye Vitz ambaye amelipa bima ya komprehensivu na haoni sababu ya kulipa senti nyingine kabla ya kupeleka watoto Mombasa.

Mkataba wa kawaida wa komprehensivu nchini Kenya hufidia hasara ya ajali, moto na wizi. Kuharibika kwa mashine, hitilafu za umeme, uchakavu na pancha hutengwa waziwazi, mara nyingi katika ukurasa ambao wakala huufunua na kuufunga kwa mkono huohuo. Klachi ikiisha Emali, hiyo haihesabiwi kuwa ajali. Ni umri wa gari. Hata ajali ikitokea kweli, bima hugharamia kulivuta gari hadi kwa mtengenezaji aliye karibu, tena kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Aliye karibu na Kibwezi yuko Kibwezi. Hayuko Kariobangi Light Industries, na mwenye Vitz akitaka gari lirudishwe huko kwa fundi anayemwamini, zile kilomita karibu 200 ni za mfuko wake. Mwenye bima ya mtu wa tatu, ile inayolazimishwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, hana hata hilo la kujadili: bima yake inawalinda wengine dhidi yake.

Ni kweli kwamba kampuni kadhaa za bima huongeza uokoaji ndani ya komprehensivu kama nyongeza ya bure. Nyongeza hiyo ni halali na haifai kudharauliwa. Msomaji anashauriwa kumpigia wakala wake na kuuliza mambo mawili tu: ni mara ngapi kwa mwaka, na ni kilomita ngapi. Wakala akianza kueleza uzuri wa kampuni, swali lirudiwe.

Barua ya pili imeandikwa na mke wa dereva anayeishi karibu na steji ya Mowlem. Mumewe hataki kulipia uokoaji kwa sababu "ana fundi wake".

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa hiyo linastahili kupimwa bila kumcheka mume. Fundi wa Kariobangi ana faida ambayo hakuna kampuni inayoweza kuiuza: anaijua historia ya gari, pamoja na ile bolti aliyoiwekea kipande cha waya mwezi wa Agosti. Akipigiwa simu huagiza simu iwekwe karibu na injini, asikilize, kisha aseme ni pampu ya maji. Mara nyingi huwa ni pampu ya maji. Baada ya hapo utaratibu unajulikana. Pesa ya spea hutumwa kwa M-Pesa, kijana hukimbia Grogan, na pampu hupakiwa kama kifurushi kwenye basi la usiku, ishushwe Mtito Andei kabla ya jua kuchomoza. Fundi wa hapohapo hulipwa kuifunga, huku yule wa Kariobangi akimwelekeza kwa spika ya simu na kumkosoa. Kwa gari la Toyota la kawaida, kwa safari ya mchana, katika barabara yenye miji kama Emali, Makindu, Kibwezi na Voi, mpango huu si wa kijinga hata kidogo. Kuna mafundi njia nzima, na spea za Probox hazitafutwi kwa darubini.

Upungufu wake ni kwamba fundi hutengeneza, lakini haokoi. Gari likizima kati ya miji hiyo, ni lazima kwanza lifike mahali penye mwanga, na hapo ndipo gharama ilipo. Sehemu ya kufikiria ni ile ya kutoka Mtito Andei hadi Voi, karibu kilomita 95, ambako barabara imepita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Miji ya kutajwa hakuna, na wanyama wa porini hukatiza lami bila kuangalia pande zote mbili. Saa nane usiku dereva aliyekwama hapo hana nguvu ya kujadiliana bei na gari la brekdauni lililopita kwa bahati. Atalipa anachoambiwa. Kwa hiyo ada ya uokoaji, ikitazamwa vizuri, ni bei iliyokubaliwa mchana, mtu akiwa amekaa, watoto wakiwa wamelala kwao. Hoja hiyo ndiyo mke anaweza kumpelekea mumewe. Akae na fundi wake. Wala wasigombane na fundi.

Kuna hesabu nyingine ambayo wasafiri wa Mombasa huikosea. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,660 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo barabara ya takriban kilomita 485 kwenda pwani kwa jumla ni mteremko. Gari linafika Nyali bila kuchemsha, mwenyewe anasifiwa na wakwe, na picha zinapigwa. Kurudi ndiko kwenye kazi: mlima ni uleule, safari hii wa kupanda, gari limejaa watu, maembe na madafu, na rejeta ina maji ya bomba yaliyojaa kutu. Mwenye kusafiri magharibi naye hukutana na milima yake mapema, kwani baada ya Nakuru barabara hupanda kuelekea Mau Summit, na anayeshika njia ya Eldoret hupita Timboroa, penye baridi ya kumfanya abiria wa Mowlem aulize kama wamevuka mpaka. Mpango wa uokoaji unaomalizika siku ya kufika, au wa safari moja ya kwenda tu, umekatwa mahali pabaya.

Barua ya tatu: msomaji amekusanya vipeperushi vitatu na ameshindwa kuchagua, kwa sababu vyote vina picha ya mwanamke anayetabasamu kando ya gari bovu.

Biashara hii ni kongwe. Uingereza chama cha AA kilianzishwa mwaka 1905, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwaonya wenye magari kuhusu mitego ya polisi waliopima mwendo. Mahakama zilipoanza kuwabana maskauti wake kwa maonyo hayo, ilifanywa kanuni kwamba skauti wa baiskeli humpigia saluti mwanachama anayepita, na asipopiga saluti, mwanachama ajue kuna jambo mbele. Madereva wa Kenya, wanaomulikiana taa karibu na kila kizuizi, hawana haja ya kuelezwa zaidi. Kwetu chama kama hicho kilianza mwaka 1919 kwa jina la Royal East African Automobile Association, nacho ndicho AA Kenya ya leo. Siku hizi kinashindana na kampuni binafsi za uokoaji na zile nyongeza za bima, na ushindani huo umeongeza vipeperushi kuliko maelezo.

Mambo ya kulinganisha hayako kwenye picha. La kwanza ni kama uanachama ni wa mtu au wa gari. Ukiwa wa gari, mume akiazima Noah ya kaka yake, amesafiri bila kitu. La pili ni kilomita za kuvutwa zilizomo ndani ya ada, na bei ya kila kilomita inayozidi. Hapa ndipo mpango wa bei rahisi huonyesha kwa nini ni rahisi, kwa kuwa wauzaji wengi huuza umbali unaotosha mtu aliyezimikiwa Outering, si aliyezimikiwa Mackinnon Road. La tatu ni siku ya kuanza: mipango mingine huhitaji siku kadhaa kupita baada ya malipo, kwa hiyo anayelipa akiwa kwenye kituo cha mafuta Mlolongo anaweza kuwa amenunua uokoaji wa safari ya Pasaka. Lililo kubwa kuliko yote ni mahali gari la brekdauni linapolala. Kampuni iulizwe hivi: mtu akikwama Maungu saa nane usiku, gari linatoka mji gani, na ni la kampuni au la kukodiwa? Anayejibu "tuko kote nchini" hajajibu. Anayejibu "linatoka Voi, ni la wakala wetu" amestahili pesa hata kama ada yake iko juu kidogo.

Katibu wa chama fulani cha Mowlem anauliza kama wanachama wanaweza kulipia uanachama mmoja na kuutumia kwa zamu katika magari kumi na moja. Hawawezi. Kampuni hurekodi namba za gari, na wazo la kubadilisha vibao vya namba gizani kando ya barabara lina sheria yake na hakimu wake. Chama hicho kinaweza kufanya jambo la halali: kwenda kwa kampuni kama kundi na kudai bei ya kundi.

Mwenye Subaru analeta swali la kiufundi. Mwaka jana gari lake lilizima karibu na Salama, likavutwa kwa kamba hadi mjini, na tangu hapo giaboksi inalia.

Gari la giaboksi ya otomatiki halipaswi kuburutwa mwendo mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Katika magari mengi ya aina hiyo, pampu ya kusukuma oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanazungusha vyuma visivyopata oili, na vyuma hivyo husagana. Gari la magurudumu ya mbele, kama Vitz, linaweza kuinuliwa mbele na kuvutwa likitembea kwa magurudumu ya nyuma. Subaru inayoendeshwa na magurudumu yote manne haina upande wa kuinua, maana popote inapoinuliwa, upande wa pili bado unazungusha mitambo. Gari hilo hubebwa lote juu ya lori lenye sakafu bapa. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo anaponunua uokoaji, hanunui kuvutwa. Ananunua kubebwa, na anapaswa kuuliza kama lori la kubeba limo ndani ya ada au hulipiwa juu yake. Kuhusu giaboksi inayolia, msomaji anapewa pole.

Barua nyingine inahusu familia inayokwenda harusi Moshi kupitia Namanga. Mwandishi ameshaambiwa kwamba "kadi ya COMESA inashughulikia kila kitu".

Kadi ya Manjano ya COMESA hushughulikia madhara ambayo gari la mgeni limewasababishia watu wengine nje ya nchi yake. Tanzania iliondoka COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo kadi inafaa Moshi. Haivuti gari. Uanachama wa uokoaji wa Kenya nao mara nyingi huishia mpakani, isipokuwa kampuni iandike kwamba ina mwenzake upande wa pili. Kwa hiyo familia hii inahitaji kadi kwa ajili ya sheria, jibu la maandishi kutoka kwa kampuni ya uokoaji, na namba ya fundi wa Arusha au Moshi kutoka kwa wenyeji wa harusi, ambao watakuwa na muda wa kutoa namba hiyo kabla ya sherehe kuliko wakati wa sherehe. Pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto viwemo garini, maana trafiki wa upande ule huviulizia.

Mkwe mmoja anauliza afanye nini na mama mkwe wakati gari la brekdauni linasubiriwa.

Kusubiri ndiko sehemu ya hatari zaidi ya shughuli nzima, na hakuna ada inayoiondoa. Gari lisukumwe nje ya lami kadiri inavyowezekana, taa za dharura ziwashwe, pembetatu ziwekwe mbali nyuma, ambako lori linaloteremka kwa kasi litaziona mapema. Desturi ya kukata matawi na kuyapanga barabarani inaeleweka na kila dereva wa Kenya, lakini usiku matawi hayaakisi mwanga, na walioyaweka huondoka wakayaacha, hivyo dereva wa pili hukwepa tawi ambalo halina gari nyuma yake. Abiria watoke na kusimama mbali na barabara, wasikae ndani kwa sababu ya baridi. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe, hata kama mama mkwe anasema aliona mtu akikifungua. Ikiwa shida imetokea karibu na Makindu, heshima ya mkwe inaweza kuokolewa kwa kumpeleka mama kwenye gurdwara ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926, ambako wasafiri wa dini yoyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila kutozwa. Kichwa hufunikwa na viatu huvuliwa mlangoni. Akiumia mtu, namba ya kwanza si ya brekdauni: ni 999 au 112 ya polisi, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Barua ya mwisho inataka kujua kama kampuni hurudisha pesa ikiwa gari halikuharibika safari nzima. Hairudishi. Ada huendelea kufanya kazi mpaka mwaka uishe, na mwenye nayo anaweza kuitumia Januari, betri ikifa asubuhi kwenye maegesho ya ploti Mowlem, mradi mpango wake unahudumia gari lililo nyumbani. Kama mpango huo unahudumia safari tu, atafute jirani mwenye waya za jampa.