Kodi ya Kodi: Namna ya Kumwandikia Mkeo Vyumba vya Kupangisha

Kwanza tuelewane kwenye neno lenyewe. Anachokulipa mpangaji ni kodi, na unachopeleka TRA kutokana na hicho nacho ni kodi. Hapo katikati ya kodi mbili ndipo mume mwenye vyumba Kilwa Masoko anapopata wazo: aviandike kwa jina la mkewe, mzigo upungue.

Kabla hujamfuata mwanasheria, chukua kalamu. Vyumba vinne, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka 2,400,000. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, yaani 240,000. Sasa mpe mkeo vyumba viwili. Wewe 120,000, yeye 120,000. Jumlisha uone. Na hata pale ambapo viwango vya kodi hupanda kwa ngazi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa Kamishna uwezo wa kurekebisha hesabu za ndugu au wanandoa waliogawana mapato ili kodi ishuke. Kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023, na mita haiulizi nyumba ya nani. (Mpangaji akinunua umeme, mrudishie hiyo 1,500. Deni ni la mwenye nyumba.)

Kwa hiyo ukiandika, andika kwa sababu ni haki yake.

Kivinje niliwahi kuonyeshwa daftari la mama mmoja, kingo zake zimelika kwa chumvi ya hewa. Chumba cha uani, mwalimu, miezi mitatu. Bati moja, misumari nusu kilo. Fundi 15,000. Mumewe alikuwa baharini, yeye ndiye aliyekusanya, aliyeziba paa, aliyegombana na mdaiwa. Kwenye karatasi ya kiwanja jina lake halipo. Iliniuma.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hukumu ile ilitoka ndoa ikiwa imeshavunjika. Usimngojeshe mkeo mpaka huko.

Mwandikie hiba mkiwa mnapendana. Masheikh wetu watakwambia hiba haitimii kwa maneno matupu: anayepewa aikubali, na akabidhiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema mwanandoa akimpa mwenzake mali, itachukuliwa kuwa ni ya aliyepewa kabisa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Basi usitoe huku moyoni umekopesha. Wanao wakubwa wawepo, na wale wa mke wa kwanza pia, wasikie kwa masikio yao. Matanga mengi ya pwani hii yameharibika kwa karatasi iliyofichwa sandukuni. Kisha jina libadilishwe ofisi ya ardhi, na mapato ya vyumba vile yaingie TRA kwa namba yake ya mlipakodi.

Halafu ile namba ya simu. Waite wapangaji barazani, uwaambie mbele yake: kuanzia mwezi huu kodi mtumieni mama, namba ni hii. Ujumbe wa pesa ulie kwenye simu yake. Paa likivuja masika, yeye ndiye atakayekwambia fundi anakuja lini.